Takrima ya Ukurasa wa Mbele

Kuna habari ambayo kila msomaji wa magazeti Zanzibar anaweza kuiandika akiwa amefumba macho. Kiongozi amekata utepe. Mwekezaji ameshukuru kwa mashirikiano aliyoyapata. Wananchi wametakiwa kuupokea mradi kwa mikono miwili na kudumisha amani. Ajira zitakuja, hasa kwa vijana. Kwenye picha watu sita wamesimama mstari mmoja, wawili wa katikati wameshika hati iliyofunguliwa, na nyuma yao kuna bango lenye jina la mradi. Habari inafika aya ya kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyokuambia kipande hicho cha ardhi ni hekta ngapi, kimekodishwa kwa miaka mingapi, kwa kodi ya kiasi gani, na nani alikuwa akilima pale msimu uliopita.

Gazeti ninaloligombeza hapa sitalitaja jina, kwa sababu kulitaja kungewapa nafuu mengine yote. Lakini ni gazeti ninalolijua vizuri. Nimelisoma tangu maandazi ya asubuhi yalipokuwa yakifungwa ndani yake, na sasa nalisoma kwenye simu, linaporushwa katika makundi ya WhatsApp kabla nakala za karatasi hazijafika Konde. Shutuma yangu ni moja. Toleo baada ya toleo, gazeti hili limetufundisha kwamba rushwa ni ile tu iliyokatazwa na sheria, na kwa kutufundisha hivyo limeifichia macho rushwa kubwa zaidi, ile inayopita kwa wakili, ikapigwa mhuri, ikatoka ikiwa safi.

Si kwamba haliandiki habari za rushwa. Linaziandika sana. Tangu Sheria Nambari 1 ya 2012 ilipounda Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar, ambayo sote tunaiita ZAECA, hakukosekani semina, kongamano, fulana zenye maandishi, na mara kwa mara ofisa wa ngazi ya chini aliyefikishwa mahakamani. Ofisa huyo huandikwa majina yake yote matatu, umri wake na mtaa anaoishi. Sina huruma naye. Aliyechukua cha mtu akihukumiwe. Ninachoshangaa ni kwamba wino wote unaishia kwake.

Mwaka 2011 wachumi wawili, Daniel Kaufmann na Pedro Vicente, walichapisha makala ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Rushwa Halali". Hoja yao, ukiivua hesabu zake, ni nyepesi: mwenye nguvu hana haja ya kuvunja sheria ikiwa anaweza kuiandika. Nilipolisoma jina lile nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuoni (chuo cha Kurani nakusudia, si chuo kikuu), ambaye angenichapa kwa kuyaweka maneno hayo mawili pamoja. Kwetu rushwa ni haramu, na haramu haibadiliki kwa kuandikiwa karatasi nyingine. Dola lakini ina uwezo huo. Inaweza kulala na kitu kikiwa rushwa, ikaamka nacho kikiwa utaratibu.

Mfano tunao nyumbani, wala hatuhitaji kuuazima. Mwaka 2000 Bunge la Jamhuri ya Muungano liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi ya 1985 na kuongeza katika kifungu cha 98 vijifungu viwili vilivyosema, kwa ufupi, kwamba kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi hakitahesabiwa kuwa rushwa ya uchaguzi, wala gharama za kawaida za kampeni hazitahesabiwa hivyo. Neno lililobebeshwa mzigo huo lilikuwa takrima.

Mtu wa pwani akilisikia neno hilo anajua pale pale kilichoibwa. Takrima ni dafu analoangushiwa mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Ni kitanda wanachoondolewa watoto ili mgeni alale, na watoto wakalale ukumbini kwenye mkeka bila kununa. Anayetoa ni mwenyeji, anayepokea ni mgeni, na hakuna anayeandika. Sheria ile iligeuza kila kitu juu chini. Mgeni, yaani mgombea aliyeshuka kwenye gari, ndiye akawa mtoaji. Mwenyeji akapokea khanga, sukari na sahani ya pilau katika kijiji chake mwenyewe. Na kilichotolewa kikaandikwa vizuri sana, kikisubiri siku ya kupiga kura. Huo si ukarimu wa jadi ya mtu yeyote ninayemjua. Ni biashara iliyovaa kanzu ya kuazima.

Uchaguzi mkuu mara mbili, 2000 na 2005, ulifanyika chini ya vijifungu hivyo, na wabunge wa majimbo ya Pemba walichaguliwa kwa sheria hiyo hiyo. Fikiria hali ya ripota wa wakati ule. Amemwona mgombea akigawa sukari kwa macho yake. Anarudi ofisini, anakaa mbele ya kompyuta, na hana habari ya rushwa. Ana habari ya ukarimu. Hakuna aliyemtisha, hakuna aliyempigia simu. Sheria imemnyang'anya neno tu, na bila neno hilo alichokiona hakina pa kukaa ukurasani.

Waliolirudisha neno hawakuwa waandishi wa habari. Walikuwa wanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wa LEAT na wa NOLA, waliofungua kesi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tarehe 24 Aprili 2006, Mahakama Kuu, Majaji Kimaro, Massati na Mihayo wakiwa wameketi pamoja, ilitamka kuwa vijifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea asiyenacho mbele ya mwenye nacho, na kwa kuwa mpaka kati ya takrima na rushwa haushikiki. Basi sahani ya pilau ya tarehe 23 Aprili ilikuwa jadi, na sahani ile ile ya tarehe 25 ikawa rushwa. Mchele ni ule ule, binzari ile ile, anayepakua ni yule yule. Gazeti linalongoja sheria imwambie alichokiona litaziita sahani hizo kwa majina mawili tofauti na kudhani limefanya kazi ya uandishi.

Wapo watakaosema hayo yamepita. Hayajapita, yamehama. Tazama sakata la Escrow. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe, iliwasilisha taarifa kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka katika akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Mawaziri walitetemeka, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu mwezi uliofuata, Profesa Anna Tibaijuka aliondolewa uwaziri. Waulize wa rika langu wanakumbuka nini, nami nakuhakikishia jibu: mboga. Profesa Tibaijuka, aliyesema kuwa fedha alizopokea zilikuwa mchango wa shule, alieleza pia kuwa milioni 10 kati ya alizotoa benki zilikuwa za mboga, na nchi nzima ikacheka mpaka mbavu zikauma. Ule ulikuwa mzaha mtamu, sikatai. Lakini chini ya mboga palikuwa na mkataba wa 1995 baina ya TANESCO na IPTL, wa miaka 20, wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, ambao ulitaka mwenye mtambo alipwe kila mwezi kwa kuwapo kwake tu, umeme utoke usitoke. Mkataba huo ulipingwa, ukapelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, bei yake ikapunguzwa, nao ukabaki mkataba. Malipo yale hayakuhitaji mtu kubeba fedha kwenye magunia. Yalikuwa na ankara. Na ankara haichekeshi, kwa hiyo haikai kwenye kumbukumbu, kwa hiyo mhariri anajua haimuuzii gazeti.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu hasira yangu haikuanzia Dodoma.

Makangale iko juu kabisa ya ramani ya Pemba upande wa kaskazini magharibi. Ukitoka Konde unaingia Msitu wa Ngezi, giza la mchana, kisha unatoka upande wa pili na kuanza kuisikia bahari. Kushoto na kulia kuna fukwe ambazo majina yake utayakuta kwenye vitabu vya watalii vya lugha zote, Vumawimbi ikiwa ya kwanza. Mbele kabisa ni Ras Kigomasha na mnara wake wa taa. Huko ndiko ilipo hoteli yenye chumba cha chini ya bahari, kilichofunguliwa 2013, ambacho picha zake zimezunguka dunia. Magazeti ya Uingereza na Marekani yameandika mgeni analipa kiasi gani kulala humo akitazamwa na samaki. Hoteli hiyo siituhumu kwa lolote. Bei yake imeitangaza yenyewe. Namshangaa mhariri wa hapa, ambaye bei za kulala Makangale zimejulikana London miaka yote hii, naye bado hajawahi kunichapishia, kwa mradi wowote wa pwani ile, bei ya kuikodi Makangale.

Na bei hiyo ndiyo habari yenyewe, kwa sababu ya namna sheria zetu zilivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, na Sheria ya ardhi Nambari 12 ya 1992 ikashikilia hapo: ardhi ni ya umma, imo mikononi mwa Rais kwa niaba yetu, na raia ana haki ya kuitumia. Nia ya mwanzo naielewa, na babu zangu walipata eka tatu zao kwa mkondo huo huo. Lakini tazama inavyofanya kazi leo pwani inapotakiwa. Mtu anapoondolewa, kinachohesabiwa ni vilivyo juu ya ardhi: nyumba, minazi, mikarafuu, miembe. Ami yangu mmoja alihesabiwa minazi yake hivyo, mti mmoja mmoja, ikapigwa alama ya rangi. Mradi siutaji, na waliokuja walikuwa na barua zote zinazotakiwa. Alipomaliza kutia saini alikuja kukaa barazani na kuniambia, "Mnazi una bei, mwanangu. Mchanga hauna."

Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo nataka lieleweke, maana nikisimulia kisa hiki chuo kikuu wenzangu huniuliza mara moja, "Nani alikula?" Huenda hakuna aliyekula senti. Mchanga usio na bei kwa aliyeukalia miaka arubaini unapata bei siku ile ile unapohamia mikono mingine, na tofauti ya bei hizo mbili haiandikwi popote ambapo ami yangu anaweza kuisoma. Mkaguzi wa hesabu akija ataikuta risiti. ZAECA ikija itaikuta saini. Katika mfumo wote aliyebaki mwenye kazi ya kuuliza "hii ni haki?" baada ya wengine wote kuuliza "hii ni halali?" ni mwandishi wa habari. Na mwandishi wa habari alikuja. Alikuja siku ya sherehe, akakaa chini ya turubai, na kesho yake tukasoma kwamba wananchi wa Makangale wameshukuru.

Nilitaka kujua ni wananchi gani. Aliyenukuliwa kwa niaba yao alikuwa sheha. Msomaji wa Bara huenda asijue: sheha wa Zanzibar si mtu tunayemchagua. Anateuliwa na Serikali, naye huiwakilisha Serikali katika shehia. Huenda ni mtu mwema, na wengi wao ni watu wema wanaosuluhisha ndoa na mipaka ya mashamba usiku na mchana. Lakini kumnukuu mteuliwa wa Serikali akiishukuru Serikali kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma, kisha ukaandika "wananchi", hilo si kosa la uhariri la kupitiwa. Limerudiwa mara nyingi mno kuwa la kupitiwa. Wanawake waliokuwa wakishukia njia ile kwenda kuvua pweza maji yakitoka hawakuulizwa. Wavuvi wanaotumia diko la pale hawakuulizwa. Ami yangu alikuwa pale pale, safu ya tatu, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Hakuulizwa.

Kwa nini? Hapa ndipo takrima inaporudi, safari hii ikiwa imekaa meza ya habari.

Waandishi wengi wa Pemba ni wa kujitegemea. Wanalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo hayo ukiyagawa kwa nauli ya daladala kutoka Chake Chake mpaka Makangale na kurudi hubaki kidogo sana. Kwa hiyo mwandishi anakuja kwa gari la ofisi iliyoandaa sherehe. Anakula chakula cha sherehe. Jioni anapewa kitu kidogo ambacho kina majina mengi kuliko ndugu zangu: nauli, posho, mshiko, bahasha. Baraza la Habari Tanzania lina kanuni za maadili zinazokataza jambo hilo, na kila mwandishi anazijua. Lakini mara nyingi bahasha hiyo imo kwenye bajeti ya shughuli, ina fomu, ina safu ya kutia saini. Imekuwa halali. Sitaki kumtukana kijana mwenzangu aliyesafiri juani kwa bahasha ile. Nataka kumuuliza mwajiri wake anayejua vizuri kwamba halipi nauli na hata hivyo anapokea habari kila siku. Alidhani ripota wake anafika Kigomasha kwa miujiza?

Halafu zipo kurasa za pongezi. Chukua toleo lolote la wiki ya tarehe 12 Januari. Taasisi za umma, mashirika, mamlaka na wizara zinampongeza Rais kwa maadhimisho ya Mapinduzi, ukurasa mzima mzima, kwa rangi, pamoja na picha ya mkurugenzi upande mmoja. Kila ukurasa umelipiwa. Fedha zilizolipia ni zile zile za umma ambazo gazeti lilipaswa kuuliza zimetumikaje. Hapa tena hakuna sheria iliyovunjwa. Kuna fungu la matangazo, kuna hati ya malipo, kuna mkaguzi atakayepitisha. Mkurugenzi ameshukuru kwa fedha za watu, gazeti limelipwa, na siku mradi wa mkurugenzi huyo utakapohitaji kuulizwa maswali, mhariri atakumbuka Januari inayokuja. Sijui jina jingine la kuliita hilo. Kama mgombea anayegawa sukari ni mla njama, basi na hii ni sukari.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Watasema: wewe mtoto umekaa na vitabu vyako, hujui gazeti likifungiwa watu wangapi wanakosa mkate. Najua. Zanzibar ilikuwa na gazeti la binafsi la Dira, mhariri wake Ali Nabwa, na Serikali ililifungia Novemba 2003 likiwa halijamaliza hata miaka miwili. Mhariri wenyewe aligeuziwa suala la uraia, akaambiwa yeye si Mtanzania. Sheria ya usajili wa magazeti Nambari 5 ya 1988 inampa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na waandishi wa Zanzibar wamedai kwa miaka mingi iondolewe. Bara walipata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016. Haivuki bahari kuja kwetu. Huo ni uzito wa kweli na sitaudharau kutoka kwenye kiti cha maktaba.

Lakini angalia jibu hilo linavyofanya kazi. Linatumika kueleza kwa nini gazeti halikufichua siri, na mimi siulizi siri. Sikumtaka mhariri aibe jalada usiku au amtuhumu waziri kwa wizi. Nilimtaka aulize hekta ngapi. Hilo halihitaji ujasiri wa Nabwa. Linahitaji rula. Hotuba za bajeti husomwa hadharani katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, sheria za uwekezaji zimechapishwa, ile mpya ya 2023 ikiwamo, na misamaha ya kodi imeorodheshwa ndani yake. Mhariri anayeogopa kusema "huu ni wizi" anaweza bado kuandika: eneo hili ni kubwa kama viwanja kadhaa vya mpira, litakodishwa mpaka watoto wanaozaliwa leo wawe wazee, kodi yake ni hii, aliyeondolewa amelipwa hiki. Asiongeze neno. Ami yangu anajua kutoa na kugawanya. Amepima karafuu maisha yake yote na haibiwi kwenye mizani.

Tena Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 18, haisemi tu kuwa mhariri ana uhuru wa kutoa maoni. Inasema kila raia ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Magazeti yetu huinukuu ibara hiyo kila Siku ya Uhuru wa Habari, tarehe 3 Mei, kana kwamba iliandikwa kwa ajili yao. Nusu yake iliandikwa kwa ajili yetu, na tunao uwezo wa kuwadai wao kama wao wanavyoidai Serikali. Mwandishi anayelalamika kuwa waziri hajibu simu, naye hajibu barua za wasomaji, yuko katika hali ngumu ya kutetewa.

Barua yangu niliituma mwaka jana. Ilikuwa na maombi manne, na niliyaandika kwa adabu, nikaanza na salamu na kumaliza na "wako mtiifu". Kila habari ya kukabidhiwa ardhi itaje ukubwa, muda na kodi, na ofisi ikikataa kuvitaja, habari iseme kuwa ofisi imekataa. Anayenukuliwa kama mwananchi asiwe mteuliwa. Chini ya habari iandikwe nani alimsafirisha na kumlisha mwandishi wetu. Na kila ahadi iliyochapwa ukurasa wa mbele irudiwe kutazamwa baada ya mwaka, ukurasa huo huo: zile ajira ziko wapi, kile kisima kiko wapi. Haikuchapwa wala haikujibiwa. Juma hilo ukurasa wa barua ulikuwa na barua moja, kutoka kwa msomaji aliyelipongeza gazeti kwa habari zake motomoto.

Kwa hiyo tumeanza kuifanya kazi ya nne wenyewe. Vijana watatu wa Makangale, mmoja ni mtembeza watalii huko Ngezi na wawili ni walimu wa skuli, wameweka daftari la kaunta la kurasa mia mbili. Kila sherehe inayoandikwa gazetini kuhusu shehia zetu za kaskazini inaingizwa humo: tarehe, kilichoahidiwa, nani alinukuliwa, gari la nani lilileta waandishi (hilo ni rahisi, sote tunaliona limeegeshwa chini ya mwembe). Safu ya kodi kwa mwaka ipo pia. Mwezi uliopita nimepiga picha kurasa zilizokwisha jaa na kumtumia mhariri pamoja na barua ya pili. Safari hii nimeiandika fupi zaidi, sikumaliza na "wako mtiifu", na nimeweka namba ya simu ya ami yangu kwa ajili ya mwandishi atakayetaka kuzungumza na mwananchi.